Siku Mkongo Ukikatika



Asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilidhoofika ghafla kuanzia Dar es Salaam hadi Blantyre, kuanzia Maputo hadi Moroni. Wapo waliozima simu wakaiwasha tena, na wapo walionunua bando jipya wakidhani la zamani limekwisha. Kumbe tatizo lilikuwa chini ya bahari, kaskazini ya Durban huko Afrika Kusini, ambako mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika kwa pamoja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani mjini Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma kwa siku mbili, kwa sababu mtandao haukutosha kufanyia kazi.

Tukizungumzia intaneti ya miaka kumi au ishirini ijayo, aghalabu tunaulizana habari za kasi. Je, itakuwa 5G au 6G? Filamu itashuka kwa sekunde ngapi? Leo naomba tuulizane jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Siku mkongo ukikatika, ni kitu gani kitakachoendelea kufanya kazi? Mikongo itaendelea kukatika, hilo halina mjadala. Duniani kote hutokea hitilafu kati ya 150 na 200 kila mwaka kwenye mikongo ya baharini, na nyingi katika hizo husababishwa na nyavu za wavuvi na nanga za meli. Kwa hiyo kila ninapoelezwa mpango wa mtandao wa kesho, uwe wa serikali au wa kampuni, naupima kwa swali hilo kwanza.

Tuanze na njia yenyewe. Watu husema intaneti iko hewani, lakini hewani ni ile hatua ya mwisho tu, kutoka mnarani hadi kwenye simu yako. Ukishauacha mnara, safari karibu yote ni ya ardhini, ndani ya nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, mpaka ufukweni. Hapo nyuzi zinaingia baharini zikiwa ndani ya mkongo ambao, kwenye kina kirefu, kipenyo chake hakifiki sentimita tatu. Kila baada ya kilomita kadhaa, mara nyingi kati ya 60 na 100, kuna kifaa cha kuupa mwanga nguvu upya, na umeme wa kifaa hicho unatoka nchi kavu, ukipita ndani ya mkongo uleule. Malipo ya ushuru, matokeo ya mitihani, picha za harusi, maombi ya viza, vyote vinapita humo.

Na njia hii si ngeni kwa pwani yetu. Mwaka 1879, kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji, kisha Delagoa Bay, mahali tunapopaita leo Maputo, hadi Durban. Januari ya mwaka huohuo jeshi la Waingereza lilikuwa limeshindwa na Wazulu pale Isandlwana, na habari hizo zilichukua takriban wiki tatu kufika London. Dola ile ikaona haiwezi kuendelea hivyo, na waya ukaharakishwa. Ukichukua ramani ya 1879 ukailaza juu ya ramani ya EASSy au SEACOM, utaona mistari ikifuatana kwa sehemu kubwa: kaskazini kupitia Bahari ya Shamu, kusini kupitia pwani ya Natal. Waya ule ulichorwa na watu waliotaka habari za huku zifike kwao upesi. Mtu wa Zanzibar kuzungumza na mtu wa Tabora halikuwa lengo lao. Umbo hilo la njia, la kila kitu kuelekea nje, tulilirithi, na sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yetu ni kulibadilisha.

Kabla ya Julai 2009, Kenya na Tanzania hazikuwa na mkongo hata mmoja wa kimataifa wa nyuzi za kioo. Tulitegemea setilaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ikweta, huduma ya bei kali na yenye kuchelewa. SEACOM ikafika mwezi huo. TEAMS, inayotoka Mombasa kwenda Fujairah katika Falme za Kiarabu, ikaja mwaka huohuo, na EASSy ikafuata 2010. Historia ya TEAMS inafaa kukumbukwa. Serikali ya Kenya ilichoshwa na mabishano na ucheleweshaji wa mradi wa EASSy, uliokuwa wa nchi nyingi, ikaamua kutafuta washirika na kujenga njia yake. Wakati ule wapo walioona ni ubinafsi. Lakini Mei 2024, mikongo ya kusini ilipokatika, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweza kutangaza kwamba TEAMS ni nzima na inabeba mzigo. Kenya iliyumba. Haikuanguka kama tulivyoanguka sisi huku Tanzania.

Sasa jiulize, kwa nini mikongo miwili ikatike mara moja, na kwa nini pigo liwe kubwa kiasi kile? Jibu la kwanza ni kwamba ilikuwa imelazwa jirani, ikielekea kutua sehemu ileile ya pwani. Jibu la pili ni kwamba mlango wa kaskazini ulikuwa tayari umejeruhiwa. Februari ya mwaka huo, meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora la wapiganaji wa Kihouthi karibu na Yemen, ikaachwa ikielea huku nanga yake ikiburura sakafu ya bahari, na mikongo mitatu ya Bahari ya Shamu ikakatika, SEACOM ikiwamo. Vita ambavyo sisi hatukuwa upande wowote vikaifikia intaneti ya Morogoro na Mbeya. Septemba 2025 mikongo mingine ilikatika tena katika bahari hiyohiyo, karibu na Jeddah.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la kutengeneza, kwa sababu ni kazi inayostahili heshima na hatuizungumzii. Mkongo ukikatika, mafundi wa ufukweni hutuma mwanga ndani ya uzi. Mwanga ukigonga palipokatika hurudi, na muda uliotumika huwaambia mkato uko umbali gani. Ndipo meli inaitwa. Kwa upande wetu wa Afrika, meli inayotajwa mara nyingi ni Léon Thévenin, yenye makao Cape Town, meli iliyoundwa 1983. Ipakie vipande vya mkongo vya akiba, isubiri vibali vya kuingia kwenye maji ya nchi husika, isafiri siku kadhaa, isubiri bahari itulie. Ikifika, inashusha ndoana ya chuma hadi sakafuni na kuvuta kama mvuvi asiyeona anachovua. Ncha ya kwanza ikipatikana inapandishwa, inapimwa, inafungwa kwenye boya. Kisha ncha ya pili inatafutwa. Juu ya meli mafundi wanaziunga nyuzi moja moja kwa joto, mkono usitetemeke, wakijua kosa la unene usioonekana kwa macho litawarudisha mwanzo. Halafu mkongo unashushwa taratibu.

Meli za namna hii ni chache, na bahari zinazozisubiri ni nyingi. Machi 2024, miezi miwili tu kabla ya mkasa wetu, mikongo minne ilikatika upande wa Afrika Magharibi, karibu na Côte d'Ivoire, na meli hiyohiyo ikahitajika huko. Nchi za pwani ya Bahari ya Hindi zingeweza kuungana na kulipia meli ya kukaa Mombasa au Dar es Salaam, pamoja na vibali vilivyokwisha kutolewa kabla ya ajali. Sioni kwa nini kibali cha kutengeneza mkongo wa dharura kisubiri mihuri ya ofisi baada ya mkongo kukatika.

Mikongo mipya inakuja, na mingine imekwisha kufika. 2Africa, mradi unaoongozwa na Meta pamoja na kampuni za simu, una urefu wa kilomita 45,000, unalizunguka bara zima na kutua Mombasa na Dar es Salaam. EASSy ilianza na jozi mbili za nyuzi, wakati 2Africa imeundwa ibebe hadi jozi 16. Uwezo huo ni mkubwa na nafurahi umefika. Hata hivyo nawaomba mnaofuatilia habari hizi mhesabu njia, msiishie kuhesabu mikongo. Mikongo mitano ikipita pamoja kwenye mlango mwembamba wa Bab el-Mandeb, kusini mwa Bahari ya Shamu, nanga moja inaweza kuigusa kadhaa kwa siku moja.

Ndiyo maana nilivutiwa na tangazo la Google la tarehe 23 Mei 2024, siku kumi na moja baada ya mkasa wetu. Walisema watajenga mkongo uitwao Umoja. Utaanzia Kenya, upite nchi kavu Uganda, Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Zambia na Zimbabwe, ufike Afrika Kusini, na kutoka hapo uvuke bahari hadi Australia. Njia ya nchi kavu ina adui zake. Tingatinga la barabara hukata nyuzi, wezi wa shaba huchimba wakidhani wamepata mali, na mpaka mmoja wenye machafuko hutosha kusimamisha kazi. Lakini fundi huifikia kwa pikipiki au Land Cruiser ndani ya saa chache, bila kusubiri meli kutoka Cape Town. Zaidi ya hapo, Bujumbura, Kigali, Kampala na Bukavu hazina bahari. Pumzi yao ya mtandao inapita Mombasa na Dar es Salaam. Tanzania inao Mkongo wa Taifa unaofika mipakani, na ninaamini nchi yetu ina wajibu wa kijirani kuhakikisha njia hiyo inapita pande zote mbili. Siku bandari yetu inapopata hitilafu, sisi nasi tupumulie kupitia kwa majirani.

Kuna wanaosema yote haya yamepitwa na wakati, kwa sababu setilaiti zimekuja. Hapa nazungumzia setilaiti za chini, kama za Starlink, zinazozunguka takriban kilomita 550 juu yetu badala ya zile 36,000. Starlink ilianza kutoa huduma Rwanda mapema 2023, Msumbiji na Kenya katikati ya mwaka huo, Burundi 2024. Kwa shule iliyo kisiwani Ziwa Victoria, au kituo cha afya kilicho siku nzima ya barabara mbovu kutoka makao makuu ya wilaya, sahani ile juu ya paa ni ukombozi wa kweli. Wanaoibeza wangekaa mwezi mmoja mahali ambapo ujumbe haupokelewi mpaka upande kilimani.

Lakini setilaiti ina ukomo katika miji. Kila eneo linagawiwa uwezo fulani, na watu wakijaa, uwezo unakwisha. Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya Nairobi na maeneo ya jirani, kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na usajili ukafunguliwa tena katikati ya 2025. Na setilaiti nayo lazima ishuke mahali fulani, kwenye kituo kilichounganishwa na nyuzi za kioo. Mwanzoni data ya mteja wa Kenya ilishukia mbali, ikaanza safari ya pili kwa mkongo. Mapema 2025 kampuni hiyo ilifungua kituo cha kuunganishia Nairobi kwenyewe, na mara moja muda wa kusubiri majibu ukapungua sana. Maana yake ni kwamba hata anayeruka angani bado anahitaji makutano mazuri ardhini. Tena njia hiyo ya angani, kwa sasa, kwa sehemu kubwa iko mkononi mwa kampuni moja ya nchi moja, inayoweza kubadili bei au masharti asubuhi yoyote. Iwe njia ya akiba na njia ya vijijini. Nchi isiitegemee peke yake.

Msikilizaji, hapo ndipo tunapofika kwenye kiini. Kwa miaka mingi, barua pepe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili ilisafiri hadi Ulaya au Marekani na kurudi, kwa sababu kampuni mbili za mtandao hazikuwa na mahali pa kukutana nyumbani. Watoa huduma wa Kenya waliamua kulimaliza hilo mwaka 2000 wakaanzisha kituo cha kubadilishana data, KIXP. Kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba wakati huo ikalalamika, na msimamizi wa sekta akaagiza kituo kifungwe kabla mwaka haujaisha. Wale watu hawakukata tamaa. Walibishana, wakaeleza, wakaomba leseni, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa upya. Vyombo kama hivyo havina sherehe. Ni chumba chenye baridi, kabati la vyuma, swichi kadhaa na nyaya. Lakini utafiti uliochapishwa na Internet Society mwaka 2020 ulionyesha kwamba sehemu ya data ya Kenya inayopatikana ndani ya nchi bila kwenda nje ilipanda kutoka takriban asilimia 30 mwaka 2012 hadi asilimia 70. Tanzania nayo ina kituo chake, TIX, jijini Dar es Salaam. Laiti vyumba hivi vingepewa angalau robo ya hotuba tunazotoa kuhusu uchumi wa kidijitali!

Mfano mwingine uko mkononi mwako. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, ikawa fahari ya eneo zima. Je, unajua kwamba mpaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani? Mtu wa Machakos alipomtumia mama yake Kitui shilingi mia tano, hesabu ya pesa ile ilifanyika Ulaya. Mwanga ndani ya kioo husafiri karibu kilomita laki mbili kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa kwenyewe hakukuonekana sana kwa jicho. Hatari ilikuwa kwamba biashara ya ndani ya nchi, baina ya watu wawili wanaoweza kufikiana kwa matatu, ilitegemea kila nanga na kila wavu kati ya Mombasa na Ulaya. Seva zilipohamishiwa Kenya, hatari hiyo iliondoka. Mwananchi wa kawaida hakuona tofauti yoyote kwenye skrini yake, na kwa maoni yangu uamuzi ule ulikuwa na maana kubwa kuliko uzinduzi wa programu nyingi zilizopigiwa vigelegele.

Lakini kuweka seva nyumbani peke yake hakutoshi. Tovuti inaweza kuwa na seva yake Kijitonyama, jijini Dar es Salaam, halafu isifunguke mkongo unapokatika. Ukiandika jina la tovuti, simu yako huuliza kwanza, jina hili linakaa anwani gani? Kama seva inayojibu swali hilo iko ng'ambo, jibu halirudi, na huduma iliyo kilomita tatu kutoka kwako inakuwa kama haipo. Ndivyo ilivyo pia kwa programu inayothibitisha nywila yako kwenye seva ya bara jingine kabla ya kukufungulia faili lililo chumba cha pili. Mwaka 2022, ICANN, taasisi inayosimamia majina ya mtandao duniani, ilitangaza kuweka Nairobi kundi la seva za mzizi wa majina hayo, la kwanza la aina yake Afrika. Hatua kama hiyo haionekani kwenye matangazo ya biashara. Inaonekana siku ya mkato.

Vituo vya data vyenyewe vinataka umeme usiokatika na maji au hewa ya kupoza. Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa Olkaria, kwenye Bonde la Ufa la Kenya, kitakachotumia umeme wa jotoardhi. Tanzania sasa ina bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme tunao zaidi ya tulivyokuwa nao jana. Kinachobaki ni gharama. Kampuni nyingi ndogo za hapa bado huweka tovuti zao ng'ambo kwa kuwa ni nafuu zaidi kuliko nyumbani, na mfanyabiashara hawezi kulaumiwa kwa kuchagua bei ndogo. Ni kazi ya sera kuigeuza hesabu hiyo.

Na mitambo ya akili unde? Ninatamani sana mkulima wa Njombe aulize kwa sauti, kwa Kiswahili chake, kuhusu ugonjwa wa viazi, naye ajibiwe. Wapo wanaoijenga njia hiyo. Watu wa kujitolea wameisoma na kuirekodi lugha yetu kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla ili mashine ziisikie. Lakini kama kila sauti ya mkulima italazimika kuvuka bahari ili ieleweke, tutakuwa tumeongeza mzigo mwingine mzito kwenye uzi uleule. Programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya simu, hata kama hazina ustadi wa zile kubwa, ndizo ninazozitazamia zaidi kwa nchi zetu.

Kuna upande mwingine ambao si haki kuukwepa. Mkongo unaweza kuwa mzima, umeme upo, mafundi wako kazini, na intaneti ikazimwa kwa amri. Uganda ilizimwa Januari 2021 kwenye mkesha wa uchaguzi. Tanzania ilizimwa tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, na hali hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Mgonjwa anayetumiwa nauli ya hospitali hajali kama kizuizi ni nanga au ni amri. Naunga mkono kwa moyo wote kuleta seva na makutano nyumbani, lakini kadiri vitu vinavyokusanyika mahali pamoja, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa mkono mmoja kuvizima vyote. Kwa hiyo mambo haya mawili yaende pamoja: miundombinu ya nyumbani, na sheria inayotaka amri yoyote ya kuzima mtandao itolewe na mahakama, itangazwe hadharani, iwe na sababu na mwisho unaojulikana. Nikichagua moja bila la pili, nitakuwa nimewadanganya wasikilizaji wangu.

Kitu kilichotuvusha siku nyingi za mtandao mbovu ni cha zamani, na wataalamu wengi wamekuwa wakikitabiria kifo. Ni ile huduma ya nyota na reli. Ukibonyeza nyota 150 nyota 00 reli, hutumii intaneti. Unazungumza na kampuni yako ya simu moja kwa moja kupitia mnara. Haina picha wala rangi, na kitochi cha bei ndogo kinaiweza. Watu wengi katika nchi zetu wanaishi chini ya mnara wenye intaneti lakini hawaitumii, kwa sababu simu janja ni ghali, bando ni ghali, au hawajaona kilicho humo kinachowafaa. Kwao huduma ya nyota na reli ndiyo mlango wa benki. Wanaobuni huduma za kesho wasiuzibe mlango huo kwa haraka ya kuonekana wa kisasa. Hata programu za kisasa zinaweza kujifunza kutoka kwake. Daftari la wagonjwa la zahanati linapaswa kuandikika mtandao ukiwa haupo na kujisawazisha ukirudi. Hilo linawezekana leo, kwa teknolojia iliyopo.

Sasa nina pendekezo, na ninalielekeza kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya hapa Tanzania, kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na kwa wenzao wa Uganda, Rwanda na Burundi. Majengo makubwa hufanya zoezi la moto. Kengele inalia, watu wanashuka ngazi, na kasoro zinaandikwa. Tufanye zoezi kama hilo kwa mtandao. Uchaguliwe usiku mmoja wa Jumapili, utangazwe mapema, hospitali na vyombo vya usalama vipewe njia ya akiba. Kisha, kwa saa moja, watoa huduma na wenye mifumo wajaribu kazi zao bila kutegemea mkongo wowote wa kwenda ng'ambo. Je, muuguzi wa Nachingwea anaona kadi ya mgonjwa? Kontroo namba ya malipo ya serikali inatoka? Wakala wa Sengerema anaweza kutoa pesa kwa mteja wa mtandao wa pili? Tovuti za serikali zinafunguka kwa majina yake? Mwanafunzi anapata masomo yaliyohifadhiwa shuleni kwao? Kila huduma iandikwe: imesimama au imeanguka, na imeanguka kwa sababu gani. Mwaka unaofuata zoezi lirudiwe, orodha zilinganishwe. Na matokeo yasomwe redioni, huduma moja baada ya nyingine, ili anayelipia bando ajue analipia nini.